Kuchagua kifaa cha lebo za sauti kwa asiyeona: mwongozo kutoka jikoni kwangu Dar es Salaam

Nina chupa mbili za dawa ya macho. Moja ni ya timolol, natia asubuhi na jioni. Nyingine ni ya latanoprost, natia usiku tu. Zote ni za plastiki nyeupe, urefu wa kidole gumba, na kinachozitofautisha ni maandishi na rangi ya kifuniko, vitu viwili ambavyo presha ya macho imeshaninyang'anya. Nilipoanza kutumia zote mbili nilizichanganya karibu wiki nzima, mpaka mdogo wangu alipokuja kunisalimia Tandika akauliza: "Kaka, mbona hii ya usiku inakaribia kwisha na ya asubuhi imejaa?"

Tatizo lile lilikwisha kwa raba bendi moja niliyoizungushia chupa ya usiku. Hadi leo haina lebo ya sauti, yaani lebo inayokusomea kwa sauti kitu ni nini ukiigusa kwa kifaa chake, na sina mpango wa kuiwekea.

Naanzia hapo kwa sababu watu wanaonipigia simu kuuliza "ninunue kalamu gani ya kusoma lebo?" mara nyingi hawajajiuliza wanataka kubandika nini, na zaidi ya hapo, nani atakayerekodi. Hilo la pili ndilo linaloamua kila kitu. Ukinunua kifaa ambacho maneno yake hayabadiliki mpaka mtoto wa shangazi aje kutoka Kimara, baada ya miezi miwili utakuwa na makopo yanayokudanganya kwa sauti nzuri. Kipimo changu ni kimoja: umeme umekatika, nyumbani hakuna mtu, sukari imekwisha na kopo umelitia chumvi. Je, unaweza kubadilisha maneno ya lebo mwenyewe?

Hatua ya 1: Wiki moja ya kuuliza "hiki nini?"

Kabla hujatoa hata shilingi, kaa wiki moja ukirekodi kwenye simu kila mara unapomuuliza mtu kitu ni nini, au unapofungua kopo na kulinusa ili ujue. Kama simu yako ni kitochi, mwambie mtoto wa nyumbani akuandikie. Usichague vitu vya kuandika. Andika vyote, hata vya kipuuzi.

Mimi nilipata maswali arobaini na kitu, na yalinishangaza. Nilidhani shida yangu ni jikoni. Kumbe karibu nusu ilikuwa nguo na makaratasi.

Ukishapata orodha, igawe. Vipo vitu viwili vitatu visivyobadilika, kama chupa zangu za macho: hivyo vipe alama ya kugusa, raba bendi, kifungo kilichoshonwa, kipande cha utepe, na uviondoe kwenye hesabu. Vipo ambavyo unachotaka kujua tayari kimeandikwa, kama barua, risiti na bili: hivyo vinahitaji kusomwa, havihitaji lebo, na nitavigusia baadaye. Vinavyobaki ndivyo vya lebo ya sauti: vyakula vinavyofanana kwenye makopo, vilivyogandishwa kwenye friza, dawa zenye maelezo marefu, nguo, vyeti na mafaili.

Kama vilivyobaki havifiki kumi, huenda huhitaji kifaa. Nasema hivyo nikijua wauzaji hawatanipenda.

Neno moja kuhusu nukta nundu, maandishi ya kugusa ya wasioona. Aliyesoma shule zinazofundisha wasioona kama Uhuru Mchanganyiko, Buigiri au Furaha Tabora anazisoma kwa ncha za vidole, na kwake utepe wenye nukta nundu ni lebo isiyotaka betri wala haisemi mbele ya wageni. Lakini wengi wetu tuliopoteza uoni ukubwani hatuzijui, na mwenye kisukari cha muda mrefu huenda vidole vyake vimekufa ganzi kiasi cha kutozihisi hata akifundishwa. Lebo za sauti zinawafaa sana watu wa namna hiyo.

Hatua ya 2: Elewa kila kifaa kinahifadhi wapi sauti yako

Muuzaji atakueleza umbo na rangi. Wewe uliza sauti inakaa wapi. Jibu la swali hilo litakuambia kitakachotokea kifaa kikipotea, stika ikichanika, au bando likiisha.

Kalamu inayosema. Inayojulikana zaidi ni PenFriend, iliyotengenezwa na Mantra Lingua ya London pamoja na RNIB, taasisi kongwe ya wasioona ya Uingereza, ikaanza kuuzwa 2009. Huja na karatasi za stika. Kila stika imechapwa vinukta vidogo mno, ambavyo hata mwenye macho huviona kama ukungu wa kijivu, na mpangilio wa vinukta hivyo haufanani na wa stika nyingine. Ncha ya kalamu ina kamera ndogo. Unagusa stika, unabonyeza kitufe cha kurekodi, unasema "mchele wa Kyela", unaachia. Siku nyingine ukigusa stika ileile, kalamu inakurudishia sauti yako.

Sauti hiyo iko ndani ya kalamu. Stika ni namba tu. Kwa hiyo stika ikichanika umepoteza lebo moja, lakini kalamu ikiibiwa kwenye daladala umepoteza nyumba nzima, na stika zako zote zitabaki bubu. Tena stika za kampuni moja hazisomeki kwa kalamu ya kampuni nyingine, hivyo siku unayonunua kalamu umechagua pia nani atakuuzia stika kwa miaka yote ijayo.

Iko pia AnyBook ya Franklin, iliyobuniwa ili mzazi amrekodie mtoto vitabu. Wasioona wengi huitumia kwa lebo kwa sababu kazi ni ileile.

Faida kubwa ya kalamu, ambayo maelezo ya Ulaya hayaitaji kwa kuwa wao haiwahusu, ni kwamba haijui lugha yoyote. Inasema ulichosema. Bibi yangu mkubwa wa Mbagala anarekodi kwa Kizaramo na kalamu haina neno. Haitaki bando, haitaki akaunti, haitaki neno la siri, na haimsomei mtu "mchele" kama Mwingereza aliyeshuka uwanja wa ndege jana.

Stika za NFC na simu. Hizi ni stika zenye chipu ndani. Unaigusisha simu, simu inasoma kilichoandikwa, na kisoma skrini, programu inayosoma kwa sauti kilicho kwenye skrini, kinakutamkia. Chipu ya kawaida, NTAG213, ina nafasi ya baiti 144, yaani herufi kama 130: "Dawa ya presha, kidonge kimoja asubuhi baada ya kula, imefunguliwa tarehe 3 Machi" inaingia bila shida. NTAG216 ina baiti 888. Maneno yakiwa ndani ya chipu, simu ikipotea utanunua nyingine na lebo zitasema vilevile. Lakini ziko programu, WayAround mojawapo, ambazo huandika kwenye stika namba tu na maelezo yako huyaweka kwenye intaneti. Unapata nafasi kubwa zaidi, ila siku kampuni ikifunga duka lake lebo zako zinafungwa nalo. Uliza mapema.

Stika ni za bei ndogo, kwa mafungu moja haifiki dola moja, wakati kalamu kama PenFriend kwa kawaida huzidi dola 100. Ndiyo maana vijana hukimbilia huku. Wakifika wanakutana na vikwazo vitatu. Cha kwanza, simu nyingi za bei nafuu tunazonunua Kariakoo hazina NFC kabisa. Fungua Mipangilio, kisha Vifaa vilivyounganishwa, utafute NFC. Au igusishe simu na kadi ya benki yenye alama ya mawimbi, ama ile kadi unayogusisha kivukoni Magogoni, uone kama simu itashtuka. Cha pili ni chuma. Stika ya kawaida ukiibandika kwenye kopo la maziwa ya unga haisomeki, sharti ununue zile za kubandika juu ya chuma. Cha tatu ni kuwa simu za Android kwa kawaida hutaka skrini iwe imewashwa na kufunguliwa ndipo zisome. Jaribu kufungua simu mikono ikiwa na unga wa chapati ndipo utaelewa kwa nini kalamu bado inauzwa.

Wenye iPhone: kuanzia XS simu husoma stika bila kufungua programu, lakini kwa njia hiyo husoma viungo vya intaneti tu. Maandishi matupu yanahitaji programu.

Misimbo ya QR ya kuchapa mwenyewe nitaipita haraka. Ni rahisi, lakini lazima uilenge kamera, lazima pawe na mwanga, na mwanga ukikatika ndio umekatika. Kwa mwenye uoni hafifu inaweza kufaa. Kwa asiyeona kabisa kuna njia bora zaidi.

Vitufe vya ujumbe mmoja. Kidude cha mviringo, unarekodi sekunde kadhaa, ukikibonyeza kinasema. Ni vinene, kila kimoja kinakula betri yake, na huwezi kubandika arobaini. Lakini kwa mzee aliyepata kiharusi na mkono mmoja ndio unaofanya kazi, vitufe vitatu juu ya makopo ya dawa za asubuhi, mchana na usiku vinaweza kuwa kila anachohitaji.

Programu za kusoma kama Seeing AI, Lookout na Be My Eyes ni za bure na ninazitumia kila siku, ila kazi yake ni nyingine. Zinasoma kilichopo, au zinakuunganisha na mtu mwenye macho akuangalizie kwa video. Hizo ndizo dawa ya barua na bili. Kwa jikoni ya hapa zina kasoro ya wazi: mchele wa kupima kwa Mangi, mwenye duka wa mtaani, hauna maandishi wala msimbo wa mistari. Bidhaa zilizosajiliwa Tanzania zina msimbo unaoanza na 620, lakini nyingi nilizojaribu programu hazikuzijua. Na zikisoma Kiswahili kwa sauti ya Kiingereza utacheka kabla hujaelewa. Weka sauti ya Kiswahili kwenye huduma ya sauti ya Google kwanza.

Hatua ya 3: Kijaribu ukiwa umefumba macho

Hata mwenye macho anayemnunulia mzazi afanye hivi. Funga kitambaa usoni, kifaa mezani, na usisaidiwe.

Washa. Je, umejua kimewaka? Kwa mlio, kwa mtikisiko au kwa maneno? Kifaa kinachojulisha kwa taa peke yake ni cha mtu mwingine. Tafuta kitufe cha kurekodi bila kubonyeza cha kufuta. Rekodi neno, lisikilize, kisha lirekodi upya juu ya lilelile. Hiyo ya kurekodi upya ndiyo wengi husahau kuijaribu, na ndiyo utakayoifanya mara nyingi kuliko zote.

Angalia namna ya kurekodi. Vifaa vingine vinataka ushikilie kitufe muda wote unaposema, vingine unabonyeza uanze na unabonyeza umalize. Kwa mtu mwenye mkono unaotetemeka kushikilia ni taabu, kwa mtu msahaulifu kubonyeza mara mbili ni taabu, kwani ataacha kikirekodi mpaka jirani amalize nyimbo zake zote za singeli.

Sikiliza ukiwa umewasha feni. Spika inayosikika dukani inaweza kumezwa na feni na mvua ya bati. Uliza pia kama kina tundu la kuchomeka spika za masikioni, maana si kila dawa ungependa itangazwe sebuleni.

Mwisho betri. Mimi napenda vinavyotumia betri ndogo za rimoti, zile za AAA, kwa kuwa hata duka la mtaani saa tatu usiku zipo. Vya kuchaji ni vizuri mradi chaja iwe ya aina unayoweza kuazima.

Hatua ya 4: Kununua bila kupigwa

Kalamu za lebo si bidhaa utakayoikuta imepangwa madukani Mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Kalamu utakazoonyeshwa madukani nyingi ni za watoto: zinasoma kitabu kilichokuja nazo, na hazirekodi. Mimi nililipia moja kwa muuzaji wa mtandaoni aliyeniapia kwamba "inarekodi, bosi, kila kitu". Ilikuja na kitabu cha wanyama. Ukiigusa simba ananguruma, na huo ndio mwisho wa ujuzi wake. Mpwa wangu aliifurahia. Tangu siku hiyo sentensi yangu ya kwanza kwa muuzaji ni hii: "Nirekodie jina lako kwenye stika tupu, halafu nitumie sauti yake ikisomwa." Asiyeweza kufanya hivyo hana bidhaa ninayoitafuta.

Kabla ya kuagiza, tafuta wa kukuonyesha yake. Wanachama wa Chama cha Wasioona Tanzania, walimu wa vitengo vya wasioona mashuleni, na wahudumu wa uoni hafifu kwenye hospitali za macho kama CCBRT pale Msasani hukutana na watu wenye vifaa vya kila aina. Robo saa ya kuishika mkononi ina thamani kuliko maelezo yangu yote haya.

Ukiagiza nje, agiza na stika za ziada kwenye mzigo uleule, kwani kusafirisha pakiti moja ya stika baadaye kunaweza kugharimu kuliko stika zenyewe. Na usipuuze habari ya ushuru. Jedwali la tano la Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 linasamehe ushuru wa forodha kwa vifaa vilivyotengenezwa mahususi kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Msamaha haujileti wenyewe. Nenda TRA, Mamlaka ya Mapato, uulize nyaraka gani zinatakiwa kabla mzigo haujaondoka huko, na umwombe muuzaji aandike waziwazi kwenye ankara kwamba hiki ni kifaa cha wasioona. Ankara ikisema "kalamu ya elektroniki" tu, usimlaumu ofisa wa forodha akiichukulia kama kalamu.

Hatua ya 5: Kubandika, na hapa ndipo joto la Dar linapoingia

Gundi nyingi zimejaribiwa kwenye nchi ambako kabati la jikoni halitoi jasho. Huku kwetu, Februari, kopo lililokaa karibu na jiko lina unyevu, lina mafuta ya mvuke wa nazi, na stika inateleza kama mlenda. Pangusa kopo kwa pamba yenye spiriti, liache likauke kabisa, bandika, kandamiza kwa kidole ukihesabu mpaka thelathini, kisha usiliguse mpaka kesho.

Usibandike kwenye kifuniko. Narudia kwa sababu kila mtu hubandika kwenye kifuniko, ndiko mkono unakofika kwanza. Vifuniko hubadilishana. Dada wa kazi akiosha makopo manne, vifuniko vinarudi vinavyotaka. Bandika kwenye mwili wa kopo, mahali palepale kwa kila kopo, na pembeni ya stika weka tone la gundi ngumu au kipande kidogo cha utepe ili kidole kikupeleke.

Kwa stika za kalamu, usimruhusu mtu mwenye macho aandike juu yake kwa penseli au makapeni "ili na sisi tusome". Kalamu huona vinukta kwa mwanga usioonekana, na wino au penseli yenye kaboni huvifunika. Aandike pembeni. Ukitaka kuikinga kwa selotepu, jaribu stika moja kwanza, maana nyingine zikifunikwa na tepu inayong'aa hazisomeki vizuri.

Vya friza havibandikwi vikiwa na barafu. Mimi nina vipande vya plastiki vilivyokatwa kwenye ndoo ya zamani, kila kimoja na stika yake na tundu la kupitisha raba bendi. Kimoja kinasema "kisamvu", kingine "nyama ya kusaga", kingine "samaki, changu, wawili". Mfuko ukiingia friza unafungwa na kipande chake. Mfuko ukiliwa, kipande nakitia kwenye kikapu kilichoning'inizwa mlangoni. Jumamosi nachukua kikapu na kalamu, naenda kwa Mangi, nagusa kimoja baada ya kingine, na hiyo ndiyo orodha yangu ya manunuzi. Mangi mwanzoni alidhani naongea na simu.

Nguo zinataka stika zinazovumilia kufuliwa, na kwa kuwa tunafua kwa kufikicha, hata hizo zinachoka. Kwa NFC ziko za mviringo ngumu kama kifungo, za kushona, na hizo ndizo ningekushauri. Kwa kalamu, nabandika kwenye kipande cha plastiki nilichokifunga kwenye hanga au kwenye pini, nakitoa kabla ya kufua. Mke wangu, ambaye macho yake ni mazima, alinifundisha kurekodi kila kanga ya marehemu mama kwa jina la kanga, yale maneno yaliyoandikwa juu yake, si kwa rangi. Ana hoja. Mwanamke asiyeona akivaa kwa bahati mbaya kanga ya kumsema jirani, akaenda nayo kwenye arobaini kwa jirani huyohuyo, lebo iliyosema "nyekundu na nyeupe" haitamsaidia.

Hatua ya 6: Kurekodi maneno yenye maana

Anza na jina la kitu, kwa kuwa mara nyingi utaondoa kalamu kabla sentensi haijaisha. "Chumvi." Kisha kama kuna la hatari, liseme. Kisha matumizi. Tarehe iwe ya mwisho. Usianze na "eeh, hili hapa ni kopo la..." Utalisikia hilo "eeh" mara mia nne.

Kwa dawa ninakaza zaidi. Maduka ya dawa mengi hutupa vidonge kwenye bahasha ndogo yenye maandishi ya mkono, na bahasha tatu zikiwa mfukoni ni kitu kimoja kwa vidole vyangu. Naenda na kalamu na stika. Mfamasia akishafunga bahasha ya kwanza, namwambia: "Dada, naomba uniambie mwenyewe hapa, jina la dawa, ni ya nini, ngapi, mara ngapi, na nini nisile nayo." Anasema, tunasikiliza pamoja, ndipo tunakwenda bahasha ya pili. Sauti ya mfamasia mwenyewe inanitosha kuliko yangu ninayokumbuka nusu. Wapo wanaoona aibu kidogo mwanzoni. Hakuna aliyewahi kunikatalia.

Matone ya macho mengi hutakiwa kutupwa wiki nne hivi baada ya kufunguliwa, kwa hiyo kama una chupa nyingi kuliko zangu, rekodi tarehe ya kufungua. Dawa ikiisha, futa sauti yake siku hiyohiyo. Lebo ya zamani juu ya bahasha mpya ni hatari kuliko bahasha isiyo na lebo, kwani unaiamini.

Namba ya siri ya benki au ya pesa za simu usirekodi popote. Kalamu haina mlango. Anayeishika anasikia.

Jambo moja ambalo lebo haiwezi

Mtaani kwetu mafuta ya taa, sabuni ya maji, dawa ya madoa na mafuta ya kula vyote huja kwenye chupa za maji zilizotumika. Usitegemee lebo ya sauti kuvitenganisha. Lebo inasema ukiiuliza tu, na siku ya haraka hutaiuliza; mtoto wa miaka mitatu ndiyo kabisa. Vya sumu viwe kwenye chombo cha umbo jingine, nje ya jikoni, kwenye kabati lenye komeo. Ukitaka weka lebo pia, lakini iwe ya pili.

Hatua ya 7: Anza na kumi, kisha tunza nakala

Usibandike nyumba nzima siku ya kwanza. Chagua vitu kumi kutoka kwenye ile orodha ya wiki, vile ulivyoviulizia mara nyingi zaidi, uishi navyo mwezi mmoja. Baada ya mwezi utajua kama unaigusa kalamu kweli au umerudi kunusa. Mimi kati ya kumi za kwanza niliziacha nne: viungo. Mdalasini na hiliki vinajitaja vyenyewe, nilikuwa navilipia stika bure.

Kalamu ipate msumari wake. Yangu inaning'inia kwa kamba karibu na mlango wa jikoni, na watoto wanajua kwamba anayeiondoa pale atapika yeye. Kwa NFC msumari huo haupo, simu inatembea na wewe, na ukimwachia mkeo jikoni bila simu yenye NFC lebo zako hazimsaidii kitu. Nyumba ya watu wengi inanufaika na kalamu moja ya wote. Anayeishi peke yake chumba kimoja Sinza, mwenye simu nzuri, sioni kwa nini atumie zaidi ya dola mia.

Nakala sasa. PenFriend ikichomekwa kwenye kompyuta kwa waya wa USB inaonekana kama flashi, na sauti zako ni mafaili yanayoweza kunakiliwa. Mwombe kijana wa stesheneri au mtu wa nyumbani anakili folda nzima, si faili mojamoja, na asibadilishe jina la faili lolote, kwa sababu jina ndilo linaloiunganisha sauti na stika yake. Weka flashi mahali pengine, si kwenye mfuko uleule wa kalamu. Mimi nafanya hivyo mwanzo wa kila mwezi, siku ninayonunua umeme, ili nisisahau. Kwa stika za NFC zenye maneno ndani yake hakuna cha kunakili, isipokuwa kama unatumia programu yenye akaunti. Hapo hifadhi barua pepe na neno la siri kwa mtu unayemwamini.

Stika zikikwisha kabla ya mzigo mpya kufika, usinunue za kampuni nyingine kwa kuwa zinafanana mkononi. Pitia kabati. Mara nyingi kuna makopo mawili matatu yenye lebo ya kitu ambacho hamjakinunua tangu Ramadhani. Chukua stika hizo, au kama haziondoki, chukua makopo yenyewe, na urekodi upya juu yake.